Ng'ombe wa Kumi na Sita

Jumapili waliporudi kutoka kanisani, mama na mwanawe, walikuta ukuta wa banda umemwagiwa rangi ya njano, na juu yake mtu ameandika kwa lami: MWOGA. Ragna Lokken hakulia. Alichukua brashi na mafuta ya taa akasugua mpaka vidole vikachubuka, na kila alipopumzika alilitukana bonde zima, kwa Kinorwe cha wazazi wake kwanza, kisha kwa Kiingereza, asije mtu akasema hakusikia.

Kisa chenyewe kilikuwa ng'ombe. Bodi ya kuandikisha askari pale mjini ilikuwa na hesabu yake: kijana wa shamba anayetunza ng'ombe kumi na sita wa maziwa aahirishiwe jeshi, maana askari nao hula jibini. Ragna alikuwa nao kumi na sita kamili, tangu mmoja avimbe tumbo akafa mwezi wa nane. Akipungua hata mmoja, mwanawe Arvid anaitwa. Na Arvid ndiye pekee aliyebaki, baba yake alishapindukiwa na trekta akafa kwenye mteremko wa mahindi. Basi mama yule aliwachunga ng'ombe wake kuliko roho yake mwenyewe. Mwenye moyo angemwelewa.

Lakini vita vilikuwa vimewakausha watu mioyo. Ng'ambo ya barabara, kwa Palmer Brekke na mkewe Thora, ilining'inia dirishani ile nyota ya dhahabu ya nyumba iliyopoteza askari, ambayo hakuna mzazi anayeitaka. Leland wao alikuwa amefia Ufaransa mwezi wa sita. Leland na Arvid walikua pamoja, wakipigana mieleka juu ya majani makavu na kula mezani kwa yeyote aliyewahi kupika. Tangu siku ilipofika simu ya kifo chake, Palmer hakumsalimia tena mtu yeyote wa nyumba ya Lokken.

Alhamisi Arvid alikwenda kusagisha chakula cha ng'ombe, akarudi jicho limefumba, mdomo umepasuka, mbavu amezishika.

"Nani?" Ragna aliuliza.

"Nimeanguka."

"Umeangukia ngumi ya nani?"

Arvid alitema damu kwenye karai. "Wale wa kinuni walinishika mikono. Mzee Brekke akapiga. Alipiga mpaka akachoka, Mama, halafu akakaa juu ya gunia akalia."

"Namwendea sasa hivi!"

"Achana naye! Unajua nimekwenda bodi mara mbili? Nimewaambia nataka kwenda. Wakaniambia, mama yako ameshakuombea uahirishwe, rudi kakamue. Wakacheka, yaani wakacheka kabisa."

"Wacheke. Wao watazeeka, na wewe utazeeka."

"Leland hatazeeka."

Ragna alimzaba kofi, palepale palipovimba. Arvid hakuinua hata mkono. Alimwangalia mama yake kwa lile jicho moja lililobaki, akachukua kofia, akatoka, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa. Ragna alijilaumu usiku kucha.

Jumamosi alfajiri Arvid aligonga mlango wa chumba chake. "Leo lala, Mama. Nitakamua peke yangu."

Hakuwahi kusema hivyo tangu azaliwe. Ragna alifurahi, akadhani amesamehewa, akajifunika blanketi. Kisha akakumbuka zile mbavu zilizopigwa. Ng'ombe kumi na sita kwa mbavu zile! Aliamka, akavaa buti za marehemu mumewe, akatoka uani. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Hakufika nusu ya ua mlio wa kwanza wa bunduki ukapasuka ndani ya banda.

Alikimbia. Ndani, Dagros, ng'ombe wake mkubwa, alikuwa ameanguka magotini huku shingo imenaswa kwenye vyuma vya kumfungia, na damu ikimtoka puani kwa michirizi. Wenzake walipiga mayowe kwa sauti ambayo ng'ombe hawana, wakivuta shingo mpaka mbao zikalia. Palmer Brekke alisimama katikati na bunduki yake ya kuwindia paa. Akafyatua tena. Ng'ombe wa pili aliporomoka akiipindua ndoo, maziwa yakachanganyika na damu mferejini. Arvid alikuwa ameegemea ukuta, macho kafumba, masikio kaziba kwa mikono.

"Palmer! Ng'ombe wamekukosea nini?"

"Rudi ndani, Ragna. Hayakuhusu."

"Ng'ombe wangu hawanihusu?"

"Huyu mmoja, halafu naondoka," alisema Palmer, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. Akalenga, akafyatua. Ubongo wa ng'ombe wa tatu ulitapakaa kwenye gauni la Ragna.

Uma wa majani ulikuwa umesimama mlangoni, mahali pake pa siku zote. Ragna aliushika kwa mikono miwili akamchoma Palmer chini ya mbavu, kwa nguvu zote za miaka ya kutupa majani darini. Bunduki ililia kuelekea paani. Aliuchomoa, akachoma tena, shingoni. Palmer alianguka kati ya miguu ya ng'ombe mwenye hofu, ng'ombe huyo akamkanyaga, akamkanyaga, mpaka uso wake ukapotea.

"Mama, basi! Basi! Ni mimi niliyemwita!"

Ragna aligeuka, uma bado mkononi.

"Mimi mwenyewe nilishindwa kuwaua," Arvid alisema. "Nilimwekea Dagros bunduki kichwani akanilamba mkono. Nikamwendea mzee Brekke juzi usiku, nikamwambia, kama kweli unataka niende, njoo uwapunguze. Alikataa, Mama. Nilimbembeleza. Wewe ulitakiwa uwe umelala!"

Ragna alikaa chini kwenye damu. Palmer alikoroma kidogo, kisha akaacha. Arvid mwenyewe ndiye aliyekwenda kupiga simu.

Polisi walipokuja, ng'ombe waliobaki walikuwa wakilia kwa kiwele kilichojaa. Ragna, pingu mkononi, aliomba akamue kwanza. Walimkatalia. Alikuwa ameshaketi ndani ya gari, mlango wazi, alipoona ng'ombe wakivuka barabara. Nyuma yao alikuja Thora Brekke, aproni kiunoni, fimbo mkononi.

Polisi mmoja alijaribu kumzuia. Thora alimpita, akapita na pale mlangoni alipolazwa mumewe chini ya turubai. Alisimama kidogo tu.

"Wamekufa wangapi?" alimuuliza Arvid.

"Watatu."

"Nimeleta wanne."

"Bi Thora, mimi nakwenda jeshini. Nitakwenda leo hii."

"Huendi popote, mwanangu. Nakwenda bodi mimi, na nyota yangu dirishani, tuone nani atanikatalia. Nitawaambia mashamba mawili hayana mtu ila wewe. Utakamua wako na wangu asubuhi, utakamua jioni, nami nitaketi kwenye kigoda kile nikutazame."

"Mpaka lini?"

"Palmer alinieleza ulivyombembeleza. Mimi usinibembeleze."

Arvid alimwangalia mama yake kule garini, kama mtoto anayetaka kutetewa. Miezi yote ile Ragna alikuwa ameomba jambo moja tu, asubuhi na jioni, na sasa hakujua aombe nini.

"Si ulitaka abaki?" Thora alisema bila kugeuka. "Basi amebaki."

Polisi alifunga mlango wa gari. Kabla injini haijawaka, Ragna alisikia maziwa yakianza kugonga ndoo.