Kuni ya Sauna Chini ya Pedali

...na pedali ya breki haishuki, Helmi! Nimeikanyaga mpaka mguu umekufa ganzi, imesimama palepale! Ngoja shoga yangu, nianze mwanzo, maana ukinianzia na maswali yako nitachanganyikiwa.

Unajua Jumatatu naanza kazi ya maabara kule Marquette, maili mia kutoka hapa, na gari langu ni lile jekundu aliloniachia Bibi Lempi alipoacha kuendesha. Sasa wiki iliyopita tukakuta chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia theluji, imelitoboa bomba la breki la nyuma. Baba mdogo Reino akafunga jipya, tukatoa upepo kwenye breki: mimi ndani nakanyaga, yeye chini anafungua nati. Tukamaliza, nikakanyaga. Pedali ikagoma kidogo, halafu taratiiibu ikazama mpaka sakafuni. Tukatoa upepo tena. Na tena. Chupa tatu za mafuta ya breki, hakuna hata kiputo. Leo asubuhi tukatandaza maboksi chini ya magurudumu yote, tukaenda kunywa kahawa, tukarudi kuchungulia. Makavu.

Baba akachoka. Akampigia simu mtu wa vyuma chakavu aje na brekidauni saa kumi alichukue. Akasema hawezi kumwacha binti yake aendeshe gari lisilosimama, hata alie vipi. Na nililia kweli, sikufichi. Bila gari hakuna kazi.

Saa tisa Bibi akatoka jikoni na aproni, unga mpaka viwikoni, si unajua Jumamosi ni siku yake ya pai za nyama. Akamwambia Reino atoke chini ya gari, anawatisha kuku. Akaketi kwenye usukani, akawasha injini, akakanyaga kwa nguvu. Ikakaa. Akaachia, akakanyaga polepole kama anakanyaga yai. Ikazama. Akarudia: ukiivamia inakaa, ukiibembeleza inazama. Akauliza kama mafuta kwenye kikopo chake yamepungua. Hata tone.

"Basi hayavuji nje," akasema. "Yanavuja ndani kwa ndani, kwenye masta silinda, hiyo pampu inayosukumwa na pedali. Raba zimechanika, ukisukuma mafuta yanapenya na kurudi yalikotoka. Haya mke mwenzangu, ulipokuwa unatoa upepo, ulikanyaga mpaka wapi?"

Nikasema mpaka chini kabisa. Reino ndiye aliyekuwa anapiga kelele mpaka chini, mpaka chini.

Bibi akacheka mpaka unga ukamwagika kwenye kiti. "Miaka ishirini na sita raba zile zinatembea nusu ya juu tu. Huko chini kuna kutu tupu, mmezikwangua kama karoti. Reino, baba yako alikuwa anaweka nini chini ya pedali?"

Reino akakuna kichwa, mtu mzima na ndevu zake. "Kuni ya sauna," akasema kwa sauti ndogo.

Kipande cha kuni za kuchochea bafu letu la mvuke, Helmi. Unakiweka chini ya pedali, mguu haufiki sakafuni. Kimening'inia kwenye msumari gereji tangu nizaliwe, na mimi nilidhani ni cha kuzuia mlango!

Saa kumi kamili, brekidauni hiyo. Akashuka kijana anaitwa Eino Kettunen. Baba akawa anamwonyesha gari, Bibi anamwonyesha pai na kumuuliza habari za masta silinda. Kumbe anayo, mpya, bado iko kwenye boksi. Mteja aliyeiagiza gari lake lilimfia kabla. Akageuza bila kunung'unika, dakika ishirini amerudi nayo. Wakaifunga yeye na Reino, mimi nikakanyaga, safari hii na kuni chini ya pedali.

Halafu baba akasema anaijaribu mwenyewe. Tumesimama wote na mataulo mabegani, sauna imeshawaka. Akakanyaga kwa upole, Bibi akahesabu mpaka mia. Haikusogea. Akaniita nami nikanyage, nikakanyaga mpaka hiyo ganzi niliyokwambia. Baba akatoa funguo mfukoni, akanitia mkononi.

"Jumatatu ondoka mapema," akasema. "Kulungu wanavuka asubuhi."

Basi shoga, wananiita, mvuke unapotea. Kesho nikumbushe nikwambie Eino amesahau nini kwenye kiti changu cha abiria, na kwa nini Bibi anaapa kwamba hakusahau.