Mawe Themanini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi mchana, pale dereva wa gari la wagonjwa alipomwomba Cheche aangalie geji ya mtungi wa oksijeni. Alimwomba yeye kwa sababu Cheche ni fundi wa kuchomelea, mitungi ya hewa kaishika tangu hajaota ndevu. Mkewe alikuwa amelazwa humo garini, mpira wa hewa puani. Wodi ya hapo mjini wakubwa walishaifunga. Iliyobaki iko kwenye jiwe la themanini, yaani kilomita themanini. Cheche akatazama mshale, akapiga hesabu kichwani, akasema, "Itatosha."

Hewa iliisha kwenye jiwe la sabini na moja.

Barua ya wakubwa ilikuja na muhuri wake mzuri: umbali unajulikana, mtungi ulikaguliwa, siku za mgonjwa zilikuwa zimefika. Watu hawa ukiwapelekea maiti watakurudishia muhuri. Cheche aliisoma kwa taabu, neno moja moja. Kama njia ile ni kilomita themanini kweli, basi jicho lake ndilo lililomuua mkewe. Kama si themanini, wamemuua wao.

Geji za magari hakuziamini tena, wala watu wenye kalamu. Aliamini futi yake ya kupimia. Akapima gurudumu la baiskeli: mzunguko mmoja, mita mbili na sentimita kumi. Akafunga kipande cha bati kwenye spoku, kila mzunguko kigonge uma wa mbele, tik. Kila mia moja, nati moja inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mia nne sabini na sita ni kilomita. Akifika kwenye jiwe anaandika hesabu kwa chaki, anaanza upya.

Jumamosi ya kwanza alifika jiwe la kumi, akarudi miguu imelegea kama kamba iliyolowa. Jirani yake, mwalimu wa michezo mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Firimbi, alimkuta kakaa chini getini, hawezi kusimama.

"Shemeji," akamwambia, "hapo unatafuta ukweli au unatafuta jeneza?"

Alimuuliza kwa nini asipande basi, akapime kipande kipande. Cheche akajibu kwamba watasema kaunga viraka, na marehemu hakupenda viraka. Alikuwa fundi cherehani, huyo mama. Firimbi akampangia kazi. Aongeze mawe manne kila Jumamosi. Jumamosi ya nne apunguze, mwili ujenge ulichobomoa. Jumapili aendeshe kidogo, miguu ikiwa bado inanung'unika. Anywe maji kabla ya kiu. "Ukichoka," alisema, "kitakachokukimbia kwanza ni hesabu."

Miezi ikapita, mawe yakaongezeka. Baada ya jiwe la ishirini na tano kichwa kilikuwa kinatulia. Ukungu wa asubuhi ulilala mabondeni kama pamba, na ile tik, tik, tik ikageuka cherehani ya chumba cha mbele. Barabara ikawa kitambaa cha kijivu kinachopita chini ya sindano, hakina pindo wala mwisho. Halafu keria ya nyuma ilikuwa inapata uzito. Uzito mdogo, wa mtu aliyekaa upande, kashika kiuno cha mwendeshaji kwa vidole viwili. Cheche hakugeuka. Ukigeuka unapoteza hesabu.

Baada ya jiwe la arobaini, barabara inazunguka kilima. Siku aliyofika huko alihesabu mia nne sabini na sita, jiwe hakuliona. Mia tano, hakuna. Mia sita. Jiwe lilimtokea kwenye mia sita na sitini. Akakaa kwenye majani, chaki mkononi. Zamani njia ilipanda kilima moja kwa moja. Wakubwa walipoizungusha, waliyang'oa mawe yale yale ya zamani wakayatandaza kwenye njia ndefu, kama mpishi bahili anayetandaza mchuzi mdogo kwenye sahani nyingi.

Jumamosi aliyoipita njia yote ilikuwa na jua laini. Mawe yaliyofuata yalikuwa yale yale, mia sita na sitini, mia sita na sitini, na mzigo wa nyuma ulikuwa mwepesi kama mwali wa mshumaa. Kwenye jiwe la sabini na moja alisimama, akajumlisha mara tatu. Kilomita karibu themanini na tatu. Hewa ilifika themanini na kupita. Jicho lake halikukosea. Alilia hapo, paji la uso juu ya jiwe, na alipoinuka keria ilikuwa tupu. Akamalizia mawe tisa peke yake.

Hospitalini alimkuta muuguzi wa zamu mezani, akamwekea karatasi ya hesabu. Alitaka ajibiwe jambo moja tu, barabara hii ilipimwa na nani. Muuguzi alisoma taratibu, akarudia kusoma. Kisha akavuta daftari nene la magari ya wagonjwa, akafunua nyuma, nyuma zaidi, mpaka mwaka ule wa kuzungusha kilima. Kidole chake kikashuka kwenye safu ya majina ya wagonjwa, kikasita. Akainua simu ya ofisi ya mkubwa wake.

"Samahani, bosi," alisema, macho yakiwa bado kwenye majina. "Hii mitungi yetu ya kilomita themanini, imeishia njiani na wangapi?"