Mwenyekiti wa Uani

Kiti cha kinyozi kilibebwa na wanaume wanne mpaka katikati ya ua, kikatuliwa karibu na bomba. Mjomba alikipangusa nywele, akaketi, akajizungusha nusu duara ili kila mlango umwone. Hakuwa amevua koti lake jeupe la kazi.

"Kuanzia sasa mimi si kinyozi," alisema. "Mimi ni mwenyekiti wa baraza la mji. Atakayeniita vinginevyo anarudi mwisho wa foleni."

"Mheshimiwa, mbona una povu kwenye mkono wa koti?" aliuliza dereva wa lori.

"Rudi mwisho wa foleni."

Ndivyo tulivyojiandaa. Baraza lilikuwa limetangaza kwamba nyumba zetu, safu mbili za vyumba vilivyotazamana, zitavunjwa na mahali pake patajengwa ghorofa. Wakazi wangeitwa ukumbini kuuliza maswali. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amewanyoa makarani wa baraza kwa miaka mingi, na mtu akiinamishwa kichwa huongea. Alisema tukienda na hasira tupu tutapiga kelele, tutapewa soda, tutarudi nyumbani. Lazima tufanye mazoezi. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri kiti kilitoka, na mjomba akawa mwenyekiti kwelikweli: alisafisha koo, alichelewa kuanza, aliwashukuru watu kwa maswali ambayo hakuyajibu. Baada ya muda hata bombani, katikati ya wiki, watu walimwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti," naye akaitikia bila kucheka.

Mama alifuatilia yote akiwa kizingitini, juu ya mto wake. Miguu ilikuwa imemgomea. Mimi niliondoka kabla ya jua kwenda kwenye kazi yangu ya mapokezi hospitalini, upande wa pili wa mji, na tangu nitoke mpaka nirudi, maisha ya mama yaliegemea ukuta mmoja mwembamba. Akiamka aligonga kwa kijiko. Upande wa pili, jirani yetu fundi cherehani aligonga kwa mpini wa mkasi, kisha akaja kumwinua. Kijiko kikigonga harakaharaka, fundi alitokea mbio, uzi ukining'inia mdomoni. Hawakuwa ndugu. Waliwahi hata kununiana muda mrefu kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, wasipeane hata salamu. Lakini kila asubuhi kijiko kiligonga na mkasi ukajibu.

Vyumba vya ghorofa vingegawiwa kwa kura. Mama angeweza kuangukia chini, fundi akaangukia juu kabisa, na ugomvi wote wa baraza na wakazi, kwangu mimi, ulikuwa hapo tu.

Mama aliuliza mara moja. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mazoezi. Wengine walikuwa wamekwisha kuuliza juu ya kodi, juu ya maji, juu ya mfuko wa jamii. Yeye akainua mkono kutoka kizingitini.

"Na mimi, Mheshimiwa, nikigonga atanisikia nani?"

Mjomba alikizungusha kiti kidogo upande huu, kidogo upande ule. Hatimaye akasema, kwa ile sauti nzito ya kuazima, "Baraza linaahidi. Kila mlango utahama na jirani yake."

Watu walipiga makofi. Fundi alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ukumbi wa baraza naukumbuka kwa feni yake, iliyozunguka kama imelazimishwa. Mwenyekiti wa kweli alikuwa mtu mpole, aliyechoka, mdogo kwa umbo kuliko mjomba. Dereva wa lori alisimama wa kwanza. Aliuliza mfuko wa jamii, ambao ulitengwa kwa ajili ya mitaro na chumba chetu cha mikutano, umekwenda wapi.

"Fedha zile zimeunganishwa na mradi mkuu," alisema mwenyekiti, "na suala hilo linashughulikiwa."

Lilikuwa jibu la mjomba la mazoezini, neno kwa neno. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu walipigana mabega, wakafuta machozi, na dereva mwenyewe akaketi akitikisika. Mwenyekiti alitabasamu, akidhani amechekesha. Kicheko kilipokwisha, swali nalo lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyeinuka kulirudia, na sijasikia likiulizwa tena.

Ndipo fundi aliposimama. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya siku ile.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, uliahidi kwamba kila mlango utahama na jirani yake. Nataka kujua utaratibu wake."

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alipekua karatasi zake, akapekua tena. Diwani wetu, pembeni, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwepo ahadi ikitolewa. Kati yao watatu hakuna aliyetaka kuwa yule aliyesahau. Kwenye safu yetu, mjomba alikuwa akikagua viatu vyake.

"Ahadi hiyo," alisema mwenyekiti taratibu, "iko palepale."

"Basi iandikwe."

Ikaandikwa.

Tukiwa njiani kurudi, mjomba alimkimbilia fundi. "Dada, yule hakuahidi kitu. Niliyeahidi ni mimi."

Fundi alisimama. Niliuona uso wake ukibadilika, na mpaka leo siwezi kusema kama ulikuwa mshangao au ustadi.

"Mimi nilimwuliza Mwenyekiti," alisema, "na Mwenyekiti akanijibu." Akaendelea kutembea.

Baraza lilitimiza. Tulihama mlango kwa mlango, mama na fundi wakapata vyumba vya chini, vinavyopakana. Mjomba hakuhama nasi. Kibanda chake cha kunyolea, alimokuwa akilala pia, kilihesabiwa kuwa duka, na duka halikuwa na jirani kwenye maandishi. Katika Jumapili zote zile hakuwahi kujiuliza swali lake mwenyewe. Alipakia kiti chake kwenye lori la dereva, akaenda kunyoa kwingine.

Kuta za ghorofa ni za zege. "Ukuta huu haupitishi hata matusi," fundi alisema siku ya kwanza, akiupapasa kama kitambaa kizito mno kwa sindano yake.

Nilikuwa na likizo wiki iliyofuata. Asubuhi moja nilimwacha mama amelala, nikaenda kunywa chai kwa fundi. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Tulikuwa tukizungumza juu ya bei ya vitambaa, nadhani, alipoinua kidole.

"Mama yako anagonga."

Nilitega sikio. Palikuwa na mlio wa friji, na hatua za mtu ghorofa ya juu. Hapakuwa na kingine.

Fundi aliweka kikombe chini. Aliuchukua mkasi, akausogelea ukuta, akagonga kwa mpini, mara mbili, bila haraka. Akasubiri kidogo, kama ilivyo adabu. Kisha akavaa kandambili zake, akatoka.