Vikombe vya Ijumaa

Paul Onyango alitetemeka Jumamosi mbili mfululizo, akatoka jasho hadi shuka likalowa, akaongea maneno yasiyoeleweka. Mara zote mbili aliyempa dawa alikuwa Phelesia, mwanafunzi mwenzangu wa uuguzi. Mimi sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilikwenda kwa Matroni nikamweleza, naye akanisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nikimshika na kosa, Jumatatu anarudi kwao Muhuru Bay," alisema. "Lakini Osoro, uwe na hakika."

Nilikuwa na hakika. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, nami nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kusomea uuguzi katika hospitali ndogo ya misheni, kati ya Migori na Homa Bay. Katika mtihani wa dawa hakuna aliyenifikia, na sikuona sababu ya kuificha habari hiyo.

Hospitali yetu ilikuwa ya Wasabato. Tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame, kazi iliyoweza kufanywa mapema ilifanywa mapema. Uji wa Jumamosi ulipikwa Ijumaa. Dawa za Jumamosi zilitolewa chupani Ijumaa saa kumi, na katika wodi ya wanaume kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilipanga vikombe kumi na viwili kwenye trei, kila kimoja na namba ya kitanda, namba ile ile iliyopakwa rangi ukutani. Kisha nilikwenda kuoga, na wagonjwa wenye nguvu wakabaki wakiosha sakafu. Jumamosi asubuhi, sisi tukiwa kanisani, Phelesia, ambaye ni Mkatoliki, alitolewa wodi ya wanawake aje kugawa vikombe.

Paul alikuwa mchuuzi wa samaki. Ndoana ilikuwa imemchoma mguu ukaoza, na tulimtibu kwa vidonge vya salfa. Ilijulikana kwamba yeye na baba yake Phelesia waliwahi kugombania nyavu.

"Omera, ndugu yangu, huyo msichana ananiangalia kama samaki wa juzi," aliniambia.

Na hakuwa Paul peke yake. Kila Jumapili nilipochemsha mkojo wa Mzee Mirumbe, mgonjwa wa kisukari wa kitanda cha tisa, dawa ya buluu ya kupimia iligeuka nyekundu kama tofali, maana yake sukari imejaa. Siku nyingine haikuwa hivyo.

"Mzee, nani anakuletea sukari nguru?"

"Chungulia chini ya kitanda, kijana. Ukiipata tugawane."

Nilichungulia kweli. Nilikuta viatu vyake vya tairi. Basi nikaanza kuamini kwamba Phelesia anamnyima mzee dawa pia.

Jumamosi ya tatu sikwenda kanisani. Nilisimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, karibu na madirisha ya wodi, nikamwona Phelesia akipita na trei. Alisoma namba ukutani, akachukua kikombe, akangoja mgonjwa ameze, akasogea. Alipofika karibu na mlango alisita. Alikitazama kikombe, akamimina vidonge kwenye leso yake, akavitia mfukoni.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakiri.

"Osoro, ingia," alisema bila kugeuka. "Ukichungulia kama mwizi wa kuku utawatisha wagonjwa."

Niliingia. "Toa ulichoficha."

Akaifungua leso. Vidonge viwili vyeupe, vya mviringo. "Nimekataa kumpa Paul. Mara mbili nimempa vilivyo kikombeni, mara mbili ameanguka mikononi mwangu. Mimi nagawa tu. Anayevimimina ni nani?"

"Unanishuku mimi?"

"Kwa nini nisikushuku? Wewe umenishuku hata kwa Matroni."

"Nyinyi wawili," Paul alidakia kutoka kitandani, "mkimaliza kunigombania, mniletee chai ya moto. Uji huu wa jana ni wa paka. Jumamosi mimi hushinda njaa."

Nikamgeukia nimjibu, nikainua macho ukutani. Paul alikuwa amelala kando ya mlango. Juu ya kichwa chake ukuta uliandikwa tisa. Nikatazama kule dirishani, chini ya namba tatu, kilipo kitanda chake halisi. Mzee Mirumbe alikuwa amekaa pale akifuata kwaya kwa kidole cha mguu.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza nyimbo. Ijumaa sakafu ikishaoshwa, Onyango hunipa nafasi, hapa kanisa linasikika vizuri. Jumapili kabla hujaja tunabadilishana tena."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe huulizi, kijana. Wewe hutangaza."

Vidonge vya salfa ni vyeupe na vya mviringo. Vya kushusha sukari ni vyeupe na vya mviringo. Kila Jumamosi Paul, na tumbo tupu, alikuwa amemeza dawa ya kisukari asichokuwa nacho, na mzee akameza salfa. Dawa ile, juu ya njaa, ilimshusha sukari hadi akatetemeka; ingeweza kumuua.

Phelesia hakujua bado. Alinitazama usoni akijaribu kunisoma. Nje kwaya ilinyamaza, na punde Matroni akaingia na Biblia kwapani. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye leso.

"Phelesia, vidonge vya mgonjwa vinafanya nini mkononi mwako?"

Phelesia alifungua mdomo. Nilijua kwamba nikinyamaza, yeye ndiye atakayerudishwa kwao.

"Ni vyangu," nilisema. "Nilimimina kwa namba za ukuta. Watu walihama, namba zilibaki. Yeye peke yake ndiye aliyemtazama mgonjwa."

Nilieleza yote. Matroni alikwenda kwa Mirumbe kwanza, akamshika mkono, akamuuliza kama ana kiu. Aliponirudia hakupandisha sauti. Nilirudishwa mwaka wa kwanza, na vikombe vya Ijumaa vikakoma siku ile.

Jumamosi iliyofuata, Sabato yangu, nilikuwa wodini na chupa na karatasi ya majina, na Phelesia nyuma yangu akihesabu kila kidonge.

"Mzee, jina lako nani?"

"Umenisahau tangu jana?"

"Jina, mzee."

"Mirumbe."

Nilimgeukia Phelesia. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anasoma chupa.