Kibao Kimoja, Watu Sitini

Kiwanda kile cha mashati ya shule kilikuwa na mafundi cherehani sitini na kibao kimoja cha kwendea haja. Kilikuwa kipande cha ubao, upana wake kama kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba, kinaning'inia kwenye msumari karibu na meza ya Msimamizi. Ukishikwa na haja unainuka, unakichukua, unakwenda. Ukikuta msumari mtupu unarudi kukaa, unabana mapaja, unaendelea kushona huku macho yako mlangoni. Kikirudi kimelowa, mtu hakuuliza kimelowa nini.

Mama Kola alikuwa ameshona kola miaka sita, na hajawahi kushona shati zima mle ndani. Aliigeuza kola, akazisukuma pembe zake kwa ncha ya mkasi mpaka zikae sawa, akapitisha mshono wa juu, akaitupa kikapuni, akavuta nyingine. Mwaka ule mkojo ulianza kumchoma. Akaenda zahanati mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, na mara ya tatu muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa nakupa, lakini kunywa maji na usibane mkojo. Leo ni kibofu. Kesho ni figo, na figo haitiwi kiraka."

"Maji nakunywa nikifika nyumbani."

"Na nyumbani unafika lini?"

Mama Kola akafunga dawa kwenye upindo wa kanga, akainuka.

Basi ndiyo sababu, ulipokaribia uchaguzi wa mwakilishi wa wafanyakazi, yeye ambaye hakuwa msemaji alianza kusema. Kila baada ya miaka miwili mafundi walichagua mtu mmoja wa kukaa na ofisi. Mpiga Pasi alikuwa amejitokeza. Alikuwa mtu mrefu, mikono yake imejaa alama za kuungua, na sera yake ilikuwa fupi kuliko foleni ya choo: kibao kiondolewe, mtu mzima aende haja akishikwa na haja. Mama Kola alimsikiliza siku moja wakati wa chakula, akahisi kama mtu aliyetolewa mwiba.

Shida ilikuwa meza. Kiwanda kilikuwa na meza tatu ndefu: ya kola, ya mikono na ya vifungo. Zamani watu walikaa mchanganyiko. Kisha Msimamizi akawapanga upya kwa lugha za kwao, kila kabila na meza yake, "ili msikilizane vizuri." Watu walipiga makofi siku ile. Mama Kola naye alipiga, tena kwa nguvu, maana ilikuwa raha kusengenya kwa lugha ya mama huku cherehani inakwenda. Hakuna aliyejiuliza Msimamizi amepata wapi huruma ghafla. Tangu hapo, kola zikichelewa, meza ya mikono husema, "Hao wa kule kwao ni wavivu tangu babu zao." Na mikono ikishonwa kombo, meza ya kola hujibu kwa lingine baya zaidi.

Mpiga Pasi alikuwa wa kabila la meza ya vifungo. Meza ya mikono ikamsimamisha mkata vitambaa wao. Na meza ya kola, yenye watu wengi kuliko zote, ikamsimamisha Dereva wa gari la kiwanda, kijana mwenye tabasamu la kupakwa mafuta, ambaye hakuwahi kushika kibao maishani mwake kwa sababu kazi yake ilikuwa barabarani, na barabarani kila kichaka ni choo.

"Shangazi," Mama Kola alisema jioni moja, wanachambua mchele kwenye sinia moja. Shangazi ndiye aliyemwingiza kiwandani, ndiye aliyempa chumba cha uani, na mezani walikaa bega kwa bega. "Huyu Dereva atatusemea nini huko ofisini? Hata njia ya choo cha mafundi haijui."

"Ataonyeshwa."

"Mpiga Pasi anaijua tayari."

"Mpiga Pasi ni mtu mwema, sikatai. Lakini ni mwema wa watu wengine." Shangazi akatupa kokoto dirishani. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Lakini linakula, Shangazi."

"Linabakisha."

"Kwani kibao kina kabila?"

"Mwanangu, kila kitu kina kabila. Miezi mitatu ijayo tunapiga kura ya bunge. Wale wanajipanga, wale wanajipanga, sisi tukae tunahesabu vikojozi? Kura ya kiwandani na kura ya bunge baba mmoja, mama mmoja. Ukianza kuvuja hapa utavuja na kule."

"Mimi kuvuja nimeshaanza," alisema Mama Kola. Shangazi akacheka mpaka sinia ikatikisika, lakini hakubadilisha neno.

Mama Kola hakukata tamaa. Wiki mbili nzima, wakati wa chakula, alihama kutoka benchi hadi benchi kumwombea kura Mpiga Pasi, pamoja na rafiki yake Mama Vifungo, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita na ndiye aliyekionja kibao kuliko wote. Walikuwa wakirudi pamoja kila jioni hadi njia panda. Kwenye meza ya mikono watu wengi walitikisa kichwa kukubali. Kwenye meza yake mwenyewe, wanane walimwambia kwa sauti ya chini, "Tuko pamoja, ila usitutaje." Alijumlisha watu hao usiku akiwa kitandani, akaona wanatosha na kubaki.

Lakini kura haikuwa ya karatasi. Kwa desturi ya kiwanda, wagombea husimama uani, kila mmoja mbele ya mrundo wake wa marobota ya vitambaa, na wapiga kura hujipanga nyuma ya wanayemtaka. Kila jicho linaona kila mgongo.

Siku ilipofika, Msimamizi alitazama saa yake akasema, "Jipangeni, kazi inangoja."

Meza ya kola iliondoka kama kundi la kondoo lililosikia mluzi. Shangazi alikuwa wa tatu nyuma ya Dereva, na pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja, akaipigapiga hewa kwa kiganja kama unavyomwitia mtoto aje akae. Wale wanane walipita mbele ya Mama Kola wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa akifunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Wa meza ya mikono, waliokuwa wametikisa vichwa vizuri kabisa, walijipanga nyuma ya mkata vitambaa wao, mmoja baada ya mwingine.

Mama Kola alisimama katikati ya ua. Shangazi aliendelea kupigapiga ile hewa. Mama Kola akamtazama, akatazama marobota, kisha akavuka kwenda nyuma ya Mpiga Pasi. Miguno kutoka mstari wa kola ilimfuata hadi alipofika.

Alidhani huko angepokewa. Mwanamke aliyekuwa wa mwisho akageuka.

"Umepotea, dada?"

"Sijapotea."

"Au mmetumwa kuja kutuhesabu? Maana nyinyi mna akili."

"Nimekuja kwa ajili ya kibao."

"Aha. Kibao," alisema yule, akamwambia mwenzake jambo kwa lugha yao, wakacheka. Mama Vifungo alikuwa hatua nne mbele. Alisikia, maana shingo yake ilikakamaa, lakini hakugeuka.

Msimamizi akahesabu. Dereva, ishirini na tatu. Mkata vitambaa, kumi na tisa. Mpiga Pasi, kumi na wanane: meza nzima ya vifungo, na Mama Kola.

Baadaye alimfuata Mpiga Pasi kwenye meza yake ya mvuke. "Tusife moyo," alimwambia.

"Mimi nimefanya makosa," alisema Mpiga Pasi, akikandamiza mgongo wa shati kwa hasira. "Ningeanza mapema kuongea na wale wa mikono. Wao na watu wangu tukiungana, nyinyi hamtuwezi."

Mama Kola alingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha. Akageuza shati upande wa pili.

Wiki ya pili Dereva alitoka ofisini ameshika kitu nyuma ya mgongo, akakiinua juu. Kilikuwa kibao kipya, kimepigwa randa, kina kamba ya buluu. Cha meza ya kola peke yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akamgonga Mama Kola kwa kiwiko.

"Zimwi hilo. Limemla nani?"

Kibao cha zamani kikabaki cha watu thelathini na sita. Meza ya mikono iliandika barua ofisini kudai kibao chao wenyewe. Meza ya vifungo ikaandika ya kwao kudai chao na kulalamika kwamba ya mikono imepokewa kwanza. Kwenye barua zote mbili hapakuwa na neno la kuondoa kibao, na Msimamizi alizipokea kwa heshima zote, akazipanga mezani kwake moja juu ya nyingine. Mama Kola sasa alikwenda haja mara nne kwa siku. Mkojo ulikoma kuchoma. Muuguzi alimsifu, naye akaziona sifa zile zina ladha ya mwarobaini.

Mama Vifungo alikuwa ameacha kumngoja jioni. Alhamisi moja, mimba yake ikiwa ya miezi saba, Mama Kola alimwona amesimama karibu na msumari wa zamani, mtupu, mkono mmoja kiunoni, jasho kwenye mdomo wa juu. Akainuka, akachukua kibao chenye kamba ya buluu, akampelekea.

"Chukua, nenda."

Mama Vifungo alikitazama. Nyuma yake meza yote ya vifungo ilikuwa imeacha kushona.

"Hicho chenu," alisema.

"Mwenzangu, nenda. Utajiumiza."

"Sisi chetu kinakuja. Tumeshaandika." Alisema hivyo bila ukali, akabadilisha mguu wa kuegemea, akaendelea kusimama.

"Rudisha mali ya watu," Shangazi aliita kutoka mezani, na safari hii hakuwa anacheka.

Msimamizi akainua macho. "Mama Kola, unakwenda au huendi?"

Mama Kola alisimama na kibao mkononi, haja hana. Alikiweka juu ya meza ya Msimamizi, juu ya zile barua mbili, akarudi mahali pake. Kabla hajakaa, Shangazi alikuwa ameshakwenda kukichukua, anakifuta kwa upindo wa kanga, anakirudisha kwenye msumari wa meza yao. Mama Vifungo bado alikuwa amesimama. Mama Kola alivuta kola kutoka kikapuni, akaisukuma pembe kwa mkasi kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na ncha ikatokea upande wa pili.