Mstari wa Tisa

Kisa aliandika programu za kompyuta katika chumba alichopanga karibu na soko la Kyela. Mchana kutwa alisikiliza kwaya masikioni akijaribu zana mpya za kazi yake, na habari za wadukuzi alizifuatilia kama wengine wanavyofuatilia ligi.

Mwezi wa Juni, Daktari Restituta, msimamizi wa kituo kimoja cha afya cha binafsi, alimwita atazame mfumo wa wagonjwa uliokuwa mzito. Kabla ya saa sita mchana Kisa aliona baya zaidi. Nakala za akiba zilikuwa mtandaoni bila nywila. Alifungua faili moja ahakikishe. Ilikuwa orodha ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Mstari wa tisa ulikuwa na jina la Lameck, mwalimu mstaafu wa Ngana, na namba ya simu ambayo Kisa aliijua kwa kichwa.

Baba yake.

Aliifunga haraka. Kisha akaziba njia ya kuzifikia nakala hizo, akabadili nywila zote, akasoma kumbukumbu za seva. Ndipo akaenda kwa daktari.

“Zimekuwa wazi tangu Machi,” alisema. “Kuna watu wawili wasiojulikana waliozipakua. Inabidi wagonjwa waambiwe.”

Restituta alifunga mlango. “Nimetoka Bukoba kuja hapa, miaka saba napita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu hawa waje. Nikiwaambia majina yao yametoka, wangapi watarudi kuchukua dawa?”

Hofu ile ilikuwa ya kweli.

Jumamosi Kisa alikwenda Ngana. Tangu mama yake afariki, yeye na baba yake walikuwa na desturi ya kucheza gemu ya mpira kwenye runinga, na mzee alikuwa mjanja wa kona. Siku hiyo alimfunga binti yake mabao manne, akaweka chini pedi ya kuchezea.

“Huchezi wewe. Una nini?”

“Tata, nimeona jina lako mahali ambapo sikupaswa kuliona.” Akamweleza yote, macho kwenye mkeka.

Mzee Lameck alizima runinga.

“Mama yako alijua,” alisema. “Yeye hakuwa na virusi. Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza, akaniambia nisikuambie mpaka mwenyewe niwe tayari. Sikuwahi kuwa tayari.”

“Nisamehe, tata.”

“Wewe umekosa nini?” Akajifuta uso kwa kiganja. “Tuko wangapi?”

“Mia tatu na kumi na wawili.”

“Na hao wengine watasikia kutoka kwa nani? Kilabuni, kwenye pombe?”

Jumatatu mzee alivaa koti lake la kanisani, wakaenda pamoja kituoni. Alimwambia daktari kwamba yeye ni mgonjwa wake, kwamba anataka kuambiwa rasmi, na kwamba kila mwenzake aambiwe ana kwa ana. Restituta alimtazama, akamtazama na Kisa, akaelewa kuwa ni baba na binti. Alivuta kiti akakaa mbele ya mzee. “Mwalimu, tulikosa kulinda siri yako. Naomba radhi.”

Kwa wiki sita waliwaita wagonjwa mmoja mmoja, siku zao za kuchukua dawa. Wengine walifoka, wengine walilia. Kumi na mmoja hawakurudi. Restituta aliwatafuta kwa pikipiki hadi Mwaya, akawapata saba.

Siku zote hizo Mzee Lameck alikaa kwenye benchi la nje, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja mama mmoja alitoka chumbani amejifunika kanga mpaka machoni, akawa anatafuta lango bila kuliona.

“Kaa kwanza, mama,” mzee alimwambia, akisogea kumpa nafasi. “Na mimi nimo kwenye orodha ile.”

Mama yule akakaa.

“Ndaga,” alishukuru kwa sauti ndogo.