Pedi au Paste kwa Mashine ya Mama Mkwe

...kwa sababu paste ya kupooza prosesa hukauka, hilo halina mjadala, Olinga alijiambia huku akiipangusa prosesa kwa tishu yenye spiriti ingawa ilikuwa imeshang'aa, paste hukauka kama uji uliosahaulika sufuriani, na kompyuta inayoshinda imewashwa chini ya mabati kule Butula itaikausha mapema zaidi, joto lipande, feni ilie, mtu aibebe tena mpaka hapa Malaba, na mtu huyo ni Vivian... huyu hapa kwenye benchi, mkoba magotini, anatazama foleni ya malori nje kana kwamba yeye ndiye anayeyapitisha mpakani, mke wake wa ndoa amekaa wanapokaa wateja. Tena alipoingia alimwita boss. Boss, mama anauliza kama itakuwa tayari leo. Miaka yote kitanda kimoja, leo boss, na ilimuuma, asiseme haikumuuma... lakini pedi nayo ipo, ile nyembamba inayolainika ikipata moto ikaziba kila mwanya, haikauki, ukishaibandika umesahau, mashine itazeeka bila kufunguliwa, sawa, ila basi Vivian hana haja ya kupita hapa tena. Kwa kupooza zinakaribiana, asijidanganye, tofauti ni digrii chache ambazo fotokopi za Benedetta hazitazijua. Benedetta, mama mkwe, hata kulitaja jina lake moyoni sasa anaona haya, na siku ile hakuona, siku ile alijifanya fundi tu, eti mashine haijui mkwe, akaingia mpaka chumbani kwake ilikokuwa kompyuta, akapiga magoti chini ya meza kufuata nyaya, na mama wa watu akatoka kuoga, kitenge kifuani, akamkuta mkwe wake, mwanamume ambaye hata mkono hawajawahi kupeana, akakimbia nje ameficha uso, akaenda kulala kwa jirani. Mbuzi mmoja wa kuomba radhi angeyamaliza, wazee wa pande zote mbili walisema hivyo, naye akauliza mbuzi wa nini, nilikwenda kutengeneza, nimekosa nini, akarudia na kurudia mpaka Vivian akafunga nguo zake akarudi kwao, heshima si utumwa, hata mtoto wa chekechea angemwambia... Kiprono, dereva wa lori, alichungulia mlangoni akauliza kama simu yake imejaa chaji, Olinga akamnyooshea bila kumtazama, Kiprono akamwangalia Vivian, akamwangalia fundi, akaondoka bila utani wake wa kila siku, hata yeye ameona.

Basi paste. Alishika tyubu, akafungua kifuniko, tone moja tu katikati, kama punje ya kunde, chuma cha kupooza juu yake, skrubu nne, kazi imekwisha, na kabla mwaka haujageuka Vivian atakuwa kwenye benchi hili tena, labda hasira zimepoa... na mkono ukakataa. Maana itazima lini? Itazima wanafunzi wamejaa mlangoni wakingoja kuchapishiwa, na mama yule atahangaika na mashine aliyoiharibu mkwe wake kwa makusudi, mara ya kwanza alimvunjia heshima kwa ujinga, mara hii iwe kwa hila, mtego wa panya aliouweka ndani ya riziki ya mama wa watu ili amnase binti yake. Aliona aibu kali, masikio yakamwaka moto. Alifunga tyubu, akachukua pedi kwa kibanio.

"Naweka pedi," alisema. "Hii haitafunguliwa tena."

Vivian hakugeuza uso, bado malori.

"Ile ya tyubu imeisha?"

"Iko."

Feni ya ukutani ilizunguka, nje turniboi wa lori moja alikuwa akigonga matairi kwa chuma, na Olinga akasubiri ile boss nyingine ije imchome.

"Sasa mimi nitakuwa nakuja na nini?" Vivian alisema, polepole, kwa yale malori.

Anajua, Mungu wangu, anajua ipi hukauka na ipi haikauki, ameolewa na fundi, alijua tangu anapakia mashine kwenye boda, na pamoja na hasira zake zote alizozibeba alikuwa amekuja kutafuta sababu ya kurudi... pedi bado iko hewani, prosesa bado iko uchi, hakuna kilichofanyika.

"Uje tu," alisema. "Uje mikono mitupu."